Mpini wa Jembe na Shingo ya Besi

Mwaka ule tulikula ugali wa njano. Mahindi yalikuwa yamekauka mashambani, serikali ikatuletea unga wa ng'ambo, wa njano kama kiini cha yai, na sisi watu wa wimbi tukaona tumetukanwa. Mama mkwe wangu aliuchanganya na wimbi nusu kwa nusu ili rangi ipotee, tukaula na mboga ya chinsaga ambayo haikuona hata tone la maziwa. Basi mtu akiniuliza nilianza kazi ya magita mwaka gani, mimi namba sina. Nasema mwaka wa ugali wa njano. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na mimi nilikuwa na mwanangu Moraa mgongoni na mwingine tumboni.

Kazi yenyewe niitaje mapema, maana najua mtacheka. Nilikuwa nalainisha shingo za magita ya besi. Kupiga sijui hata leo. Ukinipa gita nitalishika kama kuku wa kuchinjwa. Mimi nilikuwa wa shingo: ule mti mrefu ambao mkono wa kushoto unateleza juu yake, ule unaobeba nyuzi nne nene. Mbele yake kuna ubao wa vidole wenye vyuma vidogo vilivyolala. Nyuma kuna mgongo, na huo mgongo ulikuwa ufalme wangu. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini njooni mniulize habari za mgongo wa besi, muone kama nitanyamaza!

Juzi mjukuu wangu alikuja na gita jipya la besi kutoka Nairobi. Analifungua, anaruka ruka. "Magokoro, ona rangi!"

Nikamwambia, "Rangi utaishika wapi wewe ukipiga? Fumba macho. Pitisha gumba nyuma ya shingo. Unasikia nini?"

"Nasikia mti."

Mti! Mtoto wa mwanangu mwenyewe! Ndiyo maana naandika. Nyinyi vijana mnanunua gita kwa macho, halafu mnashangaa mkono unakufa ganzi wimbo wa tatu.

Mimi nilizaliwa Tabaka, kwenye mawe laini ya kuchonga. Huko mwanamume huchonga, mwanamke hulainisha. Tangu nikiwa mdogo nilikaa na karai la maji, msasa, na sahani ya jiwe mapajani. Jiwe likilowa linang'aa na kukudanganya, linaonekana laini kumbe lina nundu. Kwa hiyo mama alitufundisha kufumba macho na kusikiliza kwa gumba. Ukifumbua kabla hajakwambia, unapigwa kofi la maji.

Siku moja nilileta kikapu cha sahani na vinyago mjini Kisii. Saa nane mvua ikaanguka, kama kawaida yake hapa kwetu, nikakimbilia kibaraza cha karakana moja nyuma ya soko. Ilikuwa karakana ya Fundi Makori. Huyu Makori alikuwa mtengenezaji wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane kinachonguruma kama fahali. Bendi zilipoanza kuchipuka Kisii na Nyamira akaingia kwenye magita, na besi ndiyo aliyoipenda, kwa sababu nayo inanguruma. Shida ni kwamba obokano haina shingo. Ina mikono miwili na kichwa, unaikumbatia tu. Kwa hiyo fundi huyu, mtu mwenye sikio kama la mbwa, hakujua shingo ni kitu gani. Kwenye magita alikuwa anaweka nguzo za ua.

Nilipofika pale, kijana mmoja alikuwa karibu kulia.

"Fundi, hii shingo ni gogo. Nikipiga kidogo gumba linakufa."

"Shingo nene ni imara," Makori akasema. "Wewe una mkono wa kike."

Nikacheka kwa sauti. Makori akageuka. "Mama, unacheka nini?"

"Nacheka mkono wa kike. Hebu nipe huo mti niushike na mkono wangu wa kike."

Sijui aliniachia kwa nini. Labda ni mvua, hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Nikafumba macho, nikapitisha gumba toka kichwani mwa gita hadi tumboni. Nikamwambia, "Hapa kuna nundu. Hapa kuna bonde. Na upande huu umeshiba, ule una njaa."

Akapapasa yeye, hakusikia kitu. Akaleta rula ya chuma, akailaza mgongoni, akainua mpaka usawa wa mlango aone mwanga unapita wapi. Mwanga ukapita pale pale niliposema! Kijana akapiga makofi. Makori akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Mimi ni mlainishaji wa Tabaka. Mume yuko nyumbani na majina yake."

"Kesho uje kazini."

"Kesho ni Sabato."

"Basi Jumapili, mama! Jumapili!"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na sahani zangu zikiwa bado kikapuni.

Msidhani nilianza kwa ushindi. Wiki ya kwanza tu niliua shingo. Makori alikuwa amekwenda kutafuta mbao, akaniachia shingo ya mvule iliyochongwa tayari, akasema, "Lainisha." Nami nikafanya nilichojua. Nikajaza karai maji, nikailaza shingo ndani ilowe kama jiwe, nikaenda kula. Kurudi, nikakuta mti umevimba na umesimamisha nywele kama paka aliyeona mbwa. Nikaitoa nikaianika juani, nikitumaini. Jua likaipinda kama pembe ya kondoo.

Makori akafika, akasimama mlangoni. "Mama Moraa. Umeogesha shingo?"

"Jiwe huogeshwa," nikasema. Mdomo haukukubali kushindwa.

Hakunifukuza. Aliitundika ukutani juu ya meza yangu, na kila mteja akiuliza ile iliyopinda ni ya nini, Makori anajibu, "Hiyo ilibatizwa. Ya maji mengi." Mimi Msabato ninyamaze tu.

Lakini sikieni jambo hili, na mlishike, maana ni dhahabu! Nilikaa chini ya ile shingo nikiitazama kila siku, nikawaza zile nywele. Shingo za Makori zilikuwa laini zikitoka karakanani, na baada ya onyesho moja zinakwaruza. Kwa nini? Jasho! Jasho ni maji. Mkono wa mpigaji ulikuwa unaibatiza shingo kidogo kidogo kila wiki. Basi nikachukua kitambaa, nikakilowesha, nikakikamua mpaka kiwe na unyevu tu, nikafuta mgongo wa shingo mpya, nikaacha ikauke. Nywele zikasimama. Nikazinyoa kwa msasa mwororo. Nikafuta tena, nikanyoa tena, mara ya tatu hazikusimama. Zimekwisha! Mpigaji angeweza kutoka jasho kama mtu anayepandisha mlima wa Nyanchwa na gunia kichwani, shingo inabaki kama shavu la mtoto. Na mgongoni usimwage vanishi nene, inang'ata kiganja kikipata joto. Paka mafuta ya mbao, futa, paka tena. Makori alipoona hivyo aliniita mwalimu mbele ya wateja, na ile shingo iliyopinda hakuitoa ukutani.

Sasa niwaambie habari za umbo lenyewe. Wanaojua kusoma sana wana herufi zao za kuyataja maumbo. Mimi nilitumia vitu vya nyumbani, na wateja walinielewa.

Kuna mgongo wa yai, wa mviringo wa upole. Huo humkubali karibu kila mtu, na ukiwa humjui mteja umpe huo. Kuna mgongo wa mkate, umelala bapa nyuma na mabega yake yamejaa. Kuna mgongo wa mchi, mnene wa mviringo, unajaza kiganja chote. Halafu kuna mgongo wa paa, umechongoka katikati kama nyumba ya nyasi. Ukisikia mtu anasema huu ni mzuri na ule mbaya, mpite. Muulize kwanza gumba lake linakaa wapi. Wako wanaoshika besi kama wanakaba kuku, gumba limepanda juu ya ukingo. Hao wape paa, maana ule mchongoko unaingia penye mkunjo wa gumba na kidole cha kwanza, unatulia pale. Wako wengine wanaoweka gumba katikati nyuma, kama mtu anayebandika stempu. Hao ukiwapa paa ni kama umewakalisha juu ya ukuta. Wape mkate.

Na kingo! Mungu wangu, kingo! Mpigaji mmoja wa Sironga aliniletea besi akilalamika kuwa shingo ni nene, anataka ipungue nusu. Nikaipapasa. Unene haukuwa na shida. Zile kingo mbili za ubao wa vidole zilikuwa kali kama panga jipya. Nikazizungusha kidogo kwa tupa na msasa, muda wa chai kuchemka. Mgongo sikuugusa. Akaishika, macho yakamtoka.

"Sasa umeipunguza sawasawa, Mama Moraa!"

Makori akachukua uzi, akazungusha shingo, akapima na kipimo alichokuwa ameandika asubuhi. Ni ile ile. Yule bwana akasema uzi wetu umenyooka ukazidi. Mpaka leo sijui ana maana gani.

Jambo lililonipa jina mjini ni la mpini wa jembe. Lilinijia shambani. Nilikuwa napalilia na mama mkwe, jembe langu likavunjika, nikachukua lake. Mkono ukakataa. Lilikuwa jembe zuri, lakini lilikuwa linanisukuma gumba mahali ambapo gumba langu halikai. Nikalitazama. Miaka yote aliyolima, mkono wake ulikuwa umeula mpini: hapa pameliwa, hapa pamebaki, kama udongo unaobeba alama ya mguu. Nikapiga yowe! Mama mkwe akaruka nyuma akidhani ni nyoka.

"Wapi? Wapi?"

"Mama, mkono wako umejichora kwenye mti!"

"Nilidhani nimemwoza mwanangu mke mwenye akili," akasema, akaendelea kupalilia.

Tangu siku hiyo, mteja akija nilimwambia, "Niletee kwanza mpini wa jembe lako. Wa zamani, uliolimia wewe." Walikuwa wakulima wote, wapigaji besi wetu. Mchana yuko kwenye chai au ndizi, Jumapili yuko na bendi. Basi mngewaona! Kijana amevaa suruali pana miguuni, viatu vya visigino virefu, nywele amezichana zikasimama kama kichuguu, anapita katikati ya mji wa Kisii na mpini mchafu wa jembe begani. Wanawake wa soko wanamzomea, "Unaenda kulima benki?" Lakini wakaja, na mipini yao. Niliisoma nikiwa nimefumba macho. Huyu anabana, huyu anagusa tu, huyu hutumia kidole kidogo, huyu chake kimelala. Nikimaliza, najua mgongo wa kumpa.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinitia haya. Alileta mpini, nikausoma, nikamtengenezea shingo nyembamba ya yai, tamu, nilijisifu mwenyewe. Baada ya wiki akarudi amenuna.

"Mama Moraa, shingo hii inaniuma kiganja."

Nikamshika mkono. Mkono laini kama maandazi. Nikashtuka. "Mwalimu, jembe lile ni la nani?"

"La nyumbani."

"La nani nyumbani?"

Akatazama paa. "La mama watoto."

Makori alicheka mpaka akakaa kwenye vumbi la mbao. "Basi mpe mama watoto besi," akamwambia, "na wewe uende ukalime!"

Tulimsaidia lakini. Nikamuuliza mkono wake hushika nini kila siku, akasema baiskeli. Nikamwambia alete ile mipira ya usukani, mipira yake ilikuwa imelika vizuri kabisa, nikaisoma hiyo. Kwa hiyo wewe kijana ambaye hujawahi kushika jembe, usiniambie huna mpini. Una kitu. Mkono lazima unakula kitu.

Sasa nifike kwa Ondieki, maana huyu ndiye shingo zangu zote.

Ondieki alifanya kazi kwenye shamba la mahindi na ng'ombe kule Nyansiongo, na alipiga besi katika bendi ya bwana mmoja aliyeitwa Zablon. Zablon alikuwa mwimbaji na mwenye vyombo. Ondieki alikuwa mtu mpole, mrefu, ukimsalimia anainama kidogo. Mashine ya kupukuchua mahindi ilimshika gumba la kushoto. Likapona, lakini likapona limenyooka, halikunji. Limekuwa kama kijiti. Akarudi kwenye besi yake, mkono ukamshinda. Akipiga wimbo mmoja vidole vinatetemeka, kwa sababu gumba halisukumi tena, vidole vinne vinabeba kazi ya vitano. Zablon akaanza kuimba huku anamtazama kwa pembe ya jicho.

Akaja kwangu. Akaweka mpini wa jembe mezani, halafu akaweka na mkono wake kando. "Huo mpini ni wa mkono wa zamani," akasema. "Huu ndio mpya. Sijui utausoma vipi."

Kila mtu alikuwa amemwambia apunguziwe shingo iwe nyembamba. Hata Makori. Na hapa ndipo watu wengi huingia shimoni, nanyi mtaingia kama hamnisikii. Mnadhani shingo nyembamba ni rahisi. Nani kati yenu amebeba ndoo ya maji kwa ule mshikio wa waya? Waya ni mwembamba, si ndiyo? Mbona unakata vidole? Mbona mama zenu huuviringishia kitambaa? Kitu chembamba mkono unalazimika kukifuata mpaka ndani, unajikunja, unabana. Kitu kinene kiasi, kinakuja chenyewe kuujaza mkono, vidole vinakaa wazi, vinapumzika. Mkono usio na nguvu ya kubana hautaki waya. Unataka kitambaa.

Basi nikamtengenezea mgongo ambao haukuwa na jina. Siku tatu nilikuwa nao. Nilimkalisha kwenye kiti, nanyoa kidogo, namkabidhi, anashika, nauchukua, nanyoa tena. Upande wa uzi mnene, juu, nilimwachia bapa, kama kibaraza kidogo, lile gumba lililonyooka lilale pale bila kukunja, bila kusukuma. Upande wa chini nikauzungusha kama yai ili vidole visizuiwe. Ukiikata katikati ungeona imekaa upande, kama mkate ulioegemea ukuta. Nene, mbaya kwa macho. Makori akasema, "Mama Moraa, umerudi kwenye nguzo zangu za ua."

"Nguzo yako ilikuwa haijui inamngoja nani," nikamwambia. "Hii inajua."

Ondieki akaiweka mapajani. Gumba likaenda likalala kibarazani lenyewe, halikutafuta. Akapiga taratibu, akapanda, akashuka, akaongeza kasi, vidole vinatembea kama mtu aliyevua viatu vibaya! Makori akaacha patasi. Watu wa sokoni wakaja dirishani. Mimi nilipiga vigelegele, mtu mzima, na vumbi la mbao usoni. Ondieki alikuwa anacheka peke yake kama mgonjwa aliyeamka bila homa.

Alipiga besi hiyo msimu mzima, Sironga, Nyamira, Nyansiongo, na watu wakaanza kuwauliza wapigaji wengine mbona hawangurumi hivyo.

Halafu bendi moja kubwa ikapita Kisii. Walikuja na besi ya ng'ambo, nyekundu, shingo nyembamba kama mwiko. Zablon akaiona. Ijumaa iliyofuata asubuhi akaingia karakanani na besi ya Ondieki mkononi, bila Ondieki.

"Hii shingo inyolewe iwe kama ile ya wageni," akamwambia Makori. "Nakuja kuichukua jioni. Jumapili tunacheza Nyansiongo na kuna mpiga picha."

Mimi nikauliza kutoka kwenye meza yangu, "Na Ondieki ataishika vipi?"

Zablon hakunitazama. "Shemeji yangu anajifunza besi. Ondieki atatikisa manyanga. Mkono wa kulia si mzima?" Akatoka. Mlangoni akaongeza, "Mama Mawe, usiiogeshe."

Makori akailaza mbele yangu. Hakuweza kuniangalia. "Gita ni la bendi, Mama Moraa. Si la Ondieki. Na huyu ndiye mteja wetu mkubwa."

"Unajua ikinyolewa hairudi."

"Najua."

"Mti si nywele."

"Najua, mama! Najua!"

Sikuigusa. Nililainisha shingo zingine mbili kwa hasira mpaka zikawa laini kupita kiasi. Saa tisa hivi Ondieki akafika. Alikuwa amekuja kutafuta besi yake, nyumbani kwa Zablon hakuikuta. Akaiona mezani kwangu, akaona tupa kando yake. Hakuna aliyemwambia. Alielewa mwenyewe. Akavuta kiti, akaichukua, gumba likaenda kwenye kibaraza chake, akapiga kidogo, polepole, bila kuunganisha umeme, unasikia mti tu. Halafu akairudisha pale pale ilipokuwa, akaisogeza kidogo ilale sawa.

"Mfanye mlivyoambiwa," akasema. "Manyanga pia ni kazi."

Mtu anaichukua furaha yake kwa mikono miwili anairudisha mezani kwangu na kunisaidia kuilaza vizuri! Nikasimama. Nikamwambia Makori, "Shingo hii siipunguzi, hata unyoya. Mkitaka nyembamba, tafuteni mkono mwingine."

Makori akachukua tupa yeye mwenyewe. Nikamwachia njia. Akaishika shingo, akaipapasa, akafumba macho. Sikuwahi kumwona akifumba macho mbele yangu, siku zote aliamini rula yake. Gumba lake likapita, likafika kibarazani, likasimama hapo. Likakaa muda. Akafumbua macho, akamtazama Ondieki, akaweka tupa chini, akaja akakaa kwenye benchi upande wangu.

Najua mnataka kujua kama kazi iliniponyoka. Haikuniponyoka, nilikaa pale mpaka Makori alipofunga karakana kwa uzee. Na Jumapili ile Nyansiongo aliyepiga besi ni Ondieki, mpiga picha akampiga picha na shingo yake nene, na mkutano mzima ukacheza mpaka nyasi zikaisha. Zablon mkono mwingine hakuupata, akanuna, lakini akacheza pia. Shemeji ndiye aliyepiga manyanga, na nimesikia aliyaweza. Hayo nimeyasema sasa ili mtulie, maana ninalotaka mbaki nalo ni la Ijumaa.

Jua lilikuwa limeshuka upande wa soko. Nilikuwa nimevua aproni na kuikunja, maana Sabato ilikuwa inaingia na nilikuwa na mlima wa kupanda hadi nyumbani. Zablon akaingia anapiga mluzi. Akaitazama shingo, akaipitishia mkono, akaona ni ile ile, mluzi ukakatika.

"Fundi, kuna nini hapa?"

Makori hakuinuka kwenye benchi. Ondieki alikuwa amesimama karibu na mlango ameshika kofia yake. Makori akanielekezea kidevu. "Mama Moraa, mwambie na yeye kama ulivyoniambia mimi. Usiongeze neno, usipunguze."

Nikamkazia macho Zablon, aproni kwapani.

"Shingo hii siipunguzi, hata unyoya. Mkitaka nyembamba, tafuteni mkono mwingine."